Kivuko, Kibao na Jina la Kakuma

Nomino kivuko, itokanayo na kitenzi vuka, ina maana mbili: chombo kivushacho watu, na mahali pa kuvukia. Kiambishi tamati -o chaziruhusu zote mbili, kama zionyeshavyo nomino kizibo, ambayo ni kifaa, na kituo, ambayo ni mahali. Chombo kikiondoka, maana ya pili husalia. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, feri ilikoma daraja lilipofunguliwa mwaka 1991, lakini mahali ilipokuwa ikitia nanga pangali paitwa Old Ferry. Na mtaa mwingine wa mji huohuo waitwa Kibaoni, yaani penye kibao. Jina la mahali laweza basi kuwa alama ya kihistoria isiyohitaji jiwe wala saruji.

Kakuma, katika Turkana, ni mfano mgumu zaidi. Mto wake, Tarach, hauna feri. Ni laga, neno lenye asili ya Kioromo: sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, na watu huvuka kwa miguu pamoja na mbuzi na ngamia wao. Mvua ikinyesha nyanda za juu, maji hushuka ghafla, hata pale Kakuma penyewe pasipo na wingu, nayo yamekwisha kuua watu. Hapa kivuko ni mahali tu.

Kibao kikisimamishwa penye kivuko hicho, kitalieleza vipi jina la mji? Tangu kambi ya wakimbizi ianzishwe mwaka 1992, waandishi wengi wa Kiingereza wamerudia kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya “pasipo popote”. Dai hili halina msingi. Kiswahili hakina nomino ya namna hiyo. Ukanushaji wa mahali hufanywa kwa kitenzi, kama katika hakuna mahali, au kwa si popote. Neno pekee la Kiswahili linalokaribia umbo hilo ni la aibu, na hakuna wazee ambao wangelitundika juu ya mji wao. Zaidi ya hayo, Kakuma haiko peke yake: Kalobeyei, Kalokol, Katilu na Kataboi zote zi katika Turkana, sambamba na majina yaanzayo kwa Lo-, kama Lodwar na Lokitaung. Huu ni mfumo wa Kiturkana, lugha ya Kinailoti iliyo ndugu ya Kikaramojong na Kiteso, wala si wa Kibantu.

Kosa hili si dogo. Msomaji aambiwapo kwamba mji waitwa “pasipo popote” huamini upesi kuwa hapakuwa na watu kabla ya mahema, ilhali wafugaji wa Kiturkana walikuwa wakinywesha mifugo kwa visima vya mchangani katika Tarach zamani. Maana ya jina na iulizwe kwao, katika lugha yao, kabla ya fundi kuchonga herufi ya kwanza.