Mtoto Shuleni, Mshahara kwa Mzazi



Mtoto wa miaka 12 akibeba matofali kwenye ujenzi, si yeye peke yake anayepunjwa. Mwajiri humlipa kidogo, kisha humgeukia mtu mzima na kumwambia: "Ukikataa bei hii, wapo wengine." Ndivyo kazi ya watoto inavyoshusha mishahara yetu sote.

Sheria ya Kazi ya Burundi ya mwaka 1993 iliweka umri wa kuanza kazi kuwa miaka 16. Mwaka 2000 nchi yetu iliridhia Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani kwa umri huo huo. Mwaka 2005 karo ya shule za msingi ilifutwa, madarasa yakafurika.

Lakini daftari, sare na chakula bado vilitaka fedha. Kima cha chini kilichowekwa mwaka 1988 kilikuwa faranga 160 kwa siku hapa Bujumbura, kikadumu zaidi ya miaka 30 huku bei za sokoni zikipanda. Mzazi wa Buyenzi au Kamenge ambaye mshahara wake haulishi nyumba, humtoa mtoto shuleni auze karanga au awe boyi.

Kwa hiyo sheria ya umri peke yake haitoshi. Tudai yote mawili pamoja: wakaguzi wa kazi wafike kwenye ujenzi na majumbani, na kima cha chini kitoshe kulisha familia. Nawe, ndugu, usimfanye mtoto wa mwenzako kuwa boyi wako.