Maziwa ya Mnyama Aliye Kwenye Dawa

Ng'ombe au ngamia wako akivimba kiwele na maziwa yakatoka na madonge, mwite afisa wa mifugo. Usimpe vidonge vya watu wala dawa iliyobaki. Dozi imalizwe, hata uvimbe ukipungua mapema.

Sasa sikiliza vizuri: kuchemsha maziwa huua viini, lakini hakuondoi dawa. Dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto mwenye mzio, tena huwazoesha viini, hata siku akiugua isimsaidie.

Kwa hiyo muulize afisa siku za kungoja baada ya dozi ya mwisho. Mpaka ziishe, maziwa ya chuchu zote nne mwaga. Usiyanywe, wala usiyauze sokoni Garissa.