Picha Isiyo na Upeo wa Macho (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuligusa lalamiko la wengi wanaposimama mbele ya picha ya dhahania: "Sasa hapa pamechorwa nini?" Leo tumfuate mtu mmoja, Peter Lanyon. Picha zake hazifanani na mahali popote, ilhali nyingi zimepewa majina ya mahali.

Lanyon alizaliwa mwaka 1918 St Ives, mji wa wavuvi huko Cornwall, kwenye ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza. Wasanii wengi mashuhuri walihamia huko kutoka kwingine. Yeye alikuwa mwenyeji. Mchoraji Ben Nicholson alimfundisha, na Naum Gabo, mchongaji mzaliwa wa Urusi, akamwonyesha kuwa umbo linaweza kujengwa kwa vitu vinavyopitisha nuru, hata mtu akauona upande wa ndani na wa nje kwa pamoja. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka akawa fundi katika jeshi la anga.

Aliporudi, mandhari ya kawaida haikumtosha. Picha ya mandhari tuliyoizoea humsimamisha mtazamaji mahali pamoja: shamba mbele, miti katikati, milima nyuma, mbingu juu. Mwenyeji hapajui kwao namna hiyo. Mwulize nahodha wa Lamu habari za bandari yake, atakueleza mkondo unapopita, mwamba ulipojificha na upepo unavyogeuka. Lanyon alitaka turubai iseme mambo ya aina hiyo. Kabla ya kuchora "Porthleven" (1951), bandari nyingine ya Cornwall, aliunganisha vipande vya vioo na vitu vingine kuwa maumbo madogo, apate kuyazunguka kwa macho. Picha yenyewe imesimama wima, kimo chake karibu mita 2.4. Bandari imelazwa kama inavyoonekana kutoka juu, lakini mnara wa saa umesimama kama auonavyo mtu aliye gatini.

Kwa maoni yangu, kazi yake kubwa kuliko zote ni "St Just" ya mwaka 1953. St Just ulikuwa mji wa migodi ya bati na shaba. Jirani yake upo mgodi wa Levant, ambao njia zake zilipenya hadi chini ya bahari. Tarehe 20 Oktoba 1919 mtambo uliokuwa ukiwapandisha wachimbaji ulikatika, wakafa watu 31. Katika picha, mfereji mweusi unashuka kutoka juu hadi chini ukiyapasua mashamba ya kijani: ni shimo la mgodi, na pia ni msalaba. Asiyejua habari za Levant ataona rangi nzito tu. Je, hiyo ni kasoro ya mchoraji? Sidhani. Hata ramani haimfai asiyejua anakokwenda, wala hatumlaumu mchora ramani.

Mwaka 1959 Lanyon alianza kujifunza kurusha ndege zisizo na injini. Ndege hizo hupanda kwa kuzunguka ndani ya hewa iliyopashwa moto na ardhi, ileile wanayoitumia tai. Hewa hiyo haionekani. Rubani huitambua kwa mwili wake, ndege inaponyanyuka ghafla. Hicho ndicho alichokitafuta katika "Thermal" (1960): nguvu inayopanda, pasipo juu wala chini unayoweza kuishika. Wapo wanaoziona picha hizi za angani kuwa kilele chake. Mimi naona zimepata wepesi zikapoteza wafu wa St Just, ingawa hakupewa muda wa kunikosoa. Agosti 1964 ndege yake ilianguka, naye akafariki siku chache baadaye akiwa na miaka 46.

Wiki ijayo tutakwenda Australia, kwa Emily Kame Kngwarreye, aliyeanza kuchora kwenye turubai akiwa amekaribia miaka 80. Yeye hakuhitaji ndege ili aione nchi yake kutoka juu.