Mashini Ilikufa Mwezi wa Mavuno: Sababu Gani Tulituma Watu Wetu Kujifunza Moteri ya Mazutu



Habari tunayowaletea mu toleo hili ni yetu wenyewe, na si ya kujisifu. Sisi ni kamiti ya kooperative moja ya wakulima wa mahindi mu Haut-Katanga, upande wa barabara inayotoka Lubumbashi kwenda Kasenga. Tuko na mashini moja ya kusaga, inayozungushwa na moteri ya mazutu ya pistoni moja. Franka za kusaga njo zinatununulia mbegu na mbolea ya msimu unaofuata. Mashini ikilala, kooperative inalala.

Mwezi wa tano, magunia yakiwa yamejaa mpaka mulangoni, moteri ilikataa kuwaka. Tulimwita fundi mmoja wa kando ya barabara. Akafungua, akabadilisha pete za pistoni, akalipwa, akaenda. Moteri ikatumika wiki tatu, ikakufa tena. Akarudi, akasema ni injekteri. Tukanunua injekteri mpya. Haikufika mwezi, ikakufa mara ya tatu. Wakati huo mamá zetu walikuwa wanabeba mabeseni ya mahindi juu ya kichwa mpaka mu kijiji kingine, wanapanga mustari tangu asubuhi, wanarudi usiku. Wengine waliuza mahindi bila kusaga, kwa bei ya mwenye gari. Faida ya mwaka ikatoka vile, gunia kwa gunia.

Tuliitisha mkutano. Wengine walisema: tutafute mukopo, tununue moteri ingine. Mama mmoja, yule anayeshika kaye ya wateja kwenye mashini, akasimama akauliza: "Moteri mupya itakufa na nini? Ya kwanza ilikufa na nini? Kuko mutu hapa anajua?" Hapakuwa mtu wa kujibu. Tulikuwa tumelipa mara tatu, na hatukujua tulilipia nini.

Pale njo wazo lilizaliwa: tutume mtu wetu ajifunze. Lakini papa mmoja, mzee kati yetu, alikataa kwa sauti. "Mutasomesha kijana, akimaliza atakimbilia mu kampuni za migodi. Munafundishia wengine." Hakuna aliyemcheka, maana sisi wote tunajua: mu Katanga, malori na mashini za kuchimba shaba na kobalti zinatumia mazutu, na anayejua kuzitengeneza hakosi kazi. Tulibishana mpaka jioni. Mwisho tulikubaliana kutuma watu wawili, si mmoja: kijana mwenye miaka 22, na yule mama wa kaye, mwenye nyumba, shamba na watoto hapa hapa. Watu wengine walinung'unika juu ya kutuma mwanamke. Lakini yeye ndiye alikuwa anakaa karibu na moteri kila siku. Alikuwa anasikia sauti ikibadilika mbele ya sisi wote.

Mahali pa kujifunza

Mu inchi yetu kuko njia kadhaa. Kuko masomo ya sekondari ya ufundi, yanayochukua miaka na kumalizika na diplome ya Serikali. Hayo ni ya watoto wetu. Kwa mkubwa mwenye kazi, kuko INPP, Institut National de Préparation Professionnelle, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo inafundisha watu wazima na vijana wasio na kazi, na iko na nyumba Lubumbashi na mu miji mingine mikubwa. Kuko pia vituo vya mapadri, kama vile vya Wasalesiani wa Don Bosco, na vituo vidogo vya watu binafsi. Kabla ya kulipa, muende muangalie kwa macho. Muulize swali moja: je, mwanafunzi atafungua moteri kwa mikono yake, ao ataichora tu mu kaye? Kama atelye ni safi sana na hakuna moteri iliyofunguliwa juu ya meza, murudi nyumbani na franka zenu.

Jambo lingine: masomo mengi ni mu Kifaransa, na vitabu vya moteri vilevile. Kijana wetu alisoma bila shida. Mama alisumbuka mwezi wa kwanza, akawa anaandika kila jina la piesi kwa Kifaransa, na pembeni yake kazi ya ile piesi kwa Kiswahili. Ile kaye leo njo kitabu cha kooperative.

Walichojifunza

Walianza na mambo ambayo sisi tuliona ya bure: kupiga tupa, kupima chuma, kupanga funguo, kufua kitambaa. Halafu moteri ya esansi, halafu ya mazutu, mwisho staji mu garaji. Walipokuja likizo walitufasiria hivi. Moteri ya mazutu haina buji. Pistoni inakandamiza hewa, mara 14 mpaka 22, na hewa ikibanwa namna ile inapata moto unaopita digri 500. Wakati ule injekteri inarusha mazutu kama ukungu, na mazutu inawaka yenyewe. Njo maana moteri ile inataka vitu viwili tu: hewa safi na mazutu safi. Ndani ya injekteri, nafasi kati ya sindano na nyumba yake ni elfu 2 ao 3 za milimeta moja. Unywele wa mtu ni mnene kuliko ile nafasi mara 20 na zaidi. Tone la maji ao punje ya vumbi isiyoonekana inatosha kuiharibu.

Walituletea na habari iliyotufurahisha sisi wakulima. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyetengeneza moteri hii na kuionyesha ikitumika vizuri mwaka 1897, hakufikiria mazutu peke yake. Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, moteri moja ya aina yake ilitumika na mafuta ya karanga. Lakini musijaribu kumwaga mafuta ya karanga mu moteri zenu za leo: ni mazito, yanaziba injekteri.

Muuaji alikuwa nani

Siku waliporudi, hawakugusa moteri kwanza. Mama alienda moja kwa moja kwenye pipa la mazutu, lililosimama inje nyuma ya nyumba. Akavuta kidogo kutoka chini, akatia mu chupa nyeupe, akaiweka juani. Tukaona kwa macho yetu: mazutu juu, maji chini, na tope katikati. Mvua ilikuwa inakaa juu ya pipa na kuingia polepole kwa kizibo. Na sisi tulikuwa tunavuta mazutu kutoka chini kabisa, ili "isipotee".

Halafu akauliza vidanje ya mwisho ilifanyika lini. Tukatazamana. Fundi wa barabarani alitengeneza kilichoharibika, lakini hakuna aliyetafuta kinachoharibu. Kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tunaogopa bei ya bidoni moja ya mafuta, tukalipa pete na injekteri.

Tangu siku ile tunafuata sheria hizi, na tunawaachia nanyi:

1. Pipa likae ndani, juu ya mbao. Mazutu ikifika, ilale siku nzima bila kuguswa. Ivutwe kutoka juu, ichujwe, na maji ya chini yatupwe.

2. Kila asubuhi, mbele ya kuwasha: mafuta ya moteri, maji ya kupoza, mukaba. Ni dakika tano.

3. Filtre ya hewa isafishwe mara nyingi, juu ya vumbi la unga. Kwa vidanje, mufuate saa zilizoandikwa mu kitabu cha moteri. Kwa moteri ndogo nyingi ni karibu kila saa 100.

4. Muangalie moshi. Mweusi: hewa ni kidogo ao mazutu ni nyingi. Wa bluu: moteri inakula mafuta yake. Mweupe usioisha: mazutu haiwaki vizuri ao maji yameingia. Ukibadilika, muzime, mutafute sababu.

5. Moteri ikichemka, musimwage maji ya baridi ndani. Chuma kitapasuka. Muzime, mungoje ipoe.

6. Musiweke kamwe kidole mbele ya injekteri inayopimwa. Mazutu ile inatoboa ngozi. Na moshi utolewe inje kwa bomba, maana ndani ya nyumba iliyofungwa unaua mtu bila kelele.

7. Kila kitu kiandikwe: saa za kazi, lita za mazutu, piesi, tarehe. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Na kijana?

Hatutawaficha. Msimu mmoja tu ulipita, kijana akapata kazi mu garaji ya malori ya migodi, akaenda. Papa yule alikuwa na haki nusu. Lakini tulikuwa tumeandika mkataba mbele ya kuanza: anayeondoka kabla ya misimu mitatu anarudisha nusu ya bei ya masomo. Anarudisha kidogo kidogo, na moteri ikituzidi nguvu anakuja siku ya mungu kutusaidia. Mama alibaki. Analipwa sehemu ya kila beseni linalosagwa, na funguo zote ni za kooperative, zimeandikwa mu kaye. Sasa anafundisha binti mmoja na kijana mmoja wengine. Hatungojei tena mpaka mtu aondoke.

Mwaka jana moteri ilianza kugonga ndani. Mama aliizima palepale, wateja wakiwa kwenye mustari, akasema: "Hii inapita mikono yangu. Tuipeleke Lubumbashi mbele haijavunjika." Wateja walikasirika. Lakini atelye ilikuta ni kushine tu zilizokwisha. Saa moja zaidi, tungepoteza mhimili mzima. Kwetu, kujua mahali ujuzi wako unaishia njo lilikuwa somo lililolipa masomo yote.

Kwa hiyo, ndugu, munapohesabu bei ya mashini, musihesabu chuma peke yake. Mutie na bei ya watu wawili kujifunza, bei ya sanduku la funguo, na bei ya mafuta ya mwaka mzima. Kama franka hazitoshi kwa vyote, mununue mashini ndogo kuliko ile muliyotaka. Na mu mkutano wenu ujao, mbele ya mambo mengine, muulize swali lile la mama wetu: mashini yetu ikikufa kesho, kuko nani hapa anayejua sababu?