Duara Tupu Kwenye Sahani: Mafuta ya Karafuu Yanavyopimwa Dhidi ya Bakteria

Mafuta ya karafuu, ambayo Unguja na Pemba hutumiwa kutuliza jino linalouma, kwa sehemu kubwa ni kemikali iitwayo yujenoli, na uwezo wake wa kuzuia bakteria hupimwa maabara kwa njia zisizotoa jibu la aina moja.

Njia iliyozoeleka ni ya visahani vya karatasi, ambayo Bauer, Kirby na wenzao waliiwekea utaratibu mwaka 1966 nchini Marekani. Bakteria hukorogwa katika maji ya chumvi hadi wafikie takriban milioni 150 kwa mililita, wakapakwa kwa kijiti cha pamba juu ya agari, yaani rojo lililoganda linalotokana na mwani mwekundu na kutiwa virutubisho; kisha kikaratasi cha duara chenye kipenyo cha milimita 6, kilichodondoshewa mafuta, hubandikwa juu yake, na sahani hulazwa kwenye joto la nyuzi 35 hivi hadi kesho yake. Bakteria hutanda kote isipokuwa pale walipozuiwa, ambapo hubaki duara tupu linalopimwa kwa rula.

Duara hilo limewapotosha wengi. Agari kwa sehemu kubwa ni maji, na mafuta hayapendani na maji, hivyo dutu kali isiyosambaa vizuri huweza kuacha duara dogo kuliko dutu dhaifu inayosambaa upesi; kulinganisha mimea miwili kwa upana wa duara peke yake ni pupa.

Kwa hiyo hufuata upimaji wa kuzimua, unaofanyika katika kibao cha plastiki chenye vishimo 96, ambamo kila kishimo hupata nusu ya nguvu ya kilichotangulia, pamoja na mchuzi wa virutubisho na bakteria wapatao 500,000 kwa mililita. Tone la rezazurini, rangi ya buluu inayogeuka waridi palipo na bakteria hai, husaidia jicho, na kipimo kidogo kabisa kilichobaki buluu huitwa kiwango cha chini cha kuzuia. Kuzuia si kuua: majimaji ya vishimo hivyo hupandwa upya kwenye agari safi, na dutu huhesabiwa kuwa imeua endapo asilimia 99.9 ya bakteria hawakuota tena.

Kwa kuwa mafuta huyeyushwa kwanza kwa kiyeyushi, ambacho chenyewe huweza kudhuru bakteria, lazima kuwe na vishimo vyenye kiyeyushi kitupu, na vingine vyenye antibiotiki inayojulikana. Ripoti isiyovitaja haistahili kuaminiwa. Baada ya hapo hupimwa seli za binadamu, kwani yujenoli ikizidi huziua nazo.