Mji wa ukungu unapowaka joto
Wakazi wa San Francisco, Marekani, hubeba sweta hata Agosti, katikati ya kiangazi chao, kwani maji baridi ya Bahari ya Pasifiki huleta ukungu unaoupoza mji. Septemba, majira ya mapukutiko yanapokaribia, mara nyingine upepo hugeuka, ukavuma kutoka bara na kuusukuma ukungu baharini. Septemba 1, 2017, joto lilifika nyuzi 41 za Selsiasi, kiwango ambacho mji huo haukuwahi kupima.

Kama ilivyo Nairobi au Kigali, nyumba nyingi huko hazina kiyoyozi. Watu hufunga madirisha na mapazia mchana, wakayafungua usiku hewa ikipoa. Wengine hukimbilia maktaba au ufukweni. Feni husaidia, ila hewa ikishazidi joto la mwili, feni hupuliza moto tu. Afadhali kitambaa chenye maji shingoni.

Wanaoumia zaidi ni wazee wanaoishi peke yao ghorofani. Mzee huenda asihisi kiu, na joto likishamlegeza hawezi hata kuinuka kufungua dirisha. Jirani anayebisha hodi asubuhi na jioni, chupa ya maji mkononi, humfaa kuliko feni.