Kuni za Kupikia na Kuni za Kuota

Ukimsikia mama wa Sumbawanga mjini akilalamika mwezi wa Julai kwamba kuni zimemwishia, usidhani watoto wake watalala njaa. Huenda mtungi wa gesi umo jikoni na ugali umeshaiva. Kinachomkosesha raha ni baridi. Mji uko kiasi cha meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwenye uwanda wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na upepo wa kipupwe ukianza kuvuma hauna cha kuuzuia. Usiku kipimajoto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Wakati huohuo ndugu zake wa Muze, kule bonde la Rukwa, wanatafuta upepo wa kuwapoza.

Mtu angetegemea nchi ya baridi namna hii iwe na misitu. Lakini uwanda wa Ufipa ni nyasi. Miombo iko pembezoni, kwenye miteremko inayoshuka kuelekea maziwa yale mawili, na msitu mnene wa karibu na mji ni ule wa milima ya Mbizi, ambao ni hifadhi na makao ya mbega wekundu. Huendi huko na shoka. Wafipa, wenyeji wa hapa, wamezoea uhaba huu wa miti tangu zamani. Wabemba, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, walikata matawi na kuyachoma ili majivu yastawishe ulezi. Mfipa hakuwa na matawi ya kuchezea, akafukia nyasi kwenye matuta ya mviringo, intumba, ziozee humo na kuwa mbolea.

Pale mti ulipokuwa hauna budi kutumika, ulichaguliwa. Wafua chuma wa Ufipa walijenga tanuri la udongo, ilungu, lenye urefu wa meta 3 hivi, likivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto. Tanuri kama hilo halikubali mkaa wa mti laini. Wapo wanaowatupia wafua chuma lawama yote ya upara wa uwanda huu. Mimi naona wanaonewa kidogo, maana mashamba, ng'ombe na moto wa nyika wa kila kiangazi navyo vina sehemu yao. Kazi ya chuma ilikoma karne iliyopita, lakini ile tabia ya kuuliza "mti huu unafaa kwa kazi gani?" haikukoma. Imebaki kwa akina mama.

Nilimwona bibi mmoja sokoni akiwa ameinama juu ya mafungu ya kuni. Kijana muuzaji akamhakikishia, "Bibi, hizi zimekauka kabisa."

"Zimekaukia njiani, mjukuu wangu?"

Akachukua vipande viwili akavigonganisha. Vikatoa mlio mzito, mfupi. Akavirudisha bila neno, akahamia fungu la pili, akagonga tena, na safari hii mlio ukawa mkali. Akageuza kipande, akaangalia mwishoni kama kimepasuka mistari kutoka kwenye kiini, akabandua gamba kwa ukucha. Lilitoka bila kubembelezwa. Hapo ndipo alipouliza bei.

Bibi yule hakuwa na haja ya fizikia, lakini fizikia inamuunga mkono. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji yanayofikia nusu ya uzito wake, na moto lazima uyachemshe maji hayo yote kwanza kabla haujakupa joto la maana. Kinachobaki kwako ni moshi na macho mekundu. Kuni nzuri ni ile ambayo maji yake yamepungua hadi chini ya asilimia 20 hivi. Kuhusu aina za miti, kilo moja ya kuni kavu hutoa joto lisilopishana sana, uwe mti mgumu au laini. Ila hakuna anayenunua kuni kwa kilo. Tunanunua kwa fungu na kwa tita, na tita la mti mzito limebeba moto mwingi zaidi.

Ndiyo maana kuni za kupikia na kuni za kuota hazichaguliwi kwa jicho moja. Anayepika anataka mwali, tena upesi: magunzi ya mahindi, mabua ya alizeti, vijiti. Msindano hushika haraka kwa sababu ya utomvu wake, unafaa kuwashia, ila masizi yake yataonekana kwenye kila sufuria. Anayeota anataka kaa linalodumu. Hapo mtundu na jamaa zake wa miombo hawana mpinzani: kigogo kimoja kinene, kinasukumwa taratibu kati ya mafiga kadiri kinavyoliwa, na usiku kaa lake linafukiwa majivuni hadi asubuhi. Viazi vitamu vilivyosahauliwa humo huwa vitamu kuliko vilivyochemshwa. Mninga ni moto mzuri pia, lakini anayechoma mninga usio makombo ya fundi seremala anastahili kusemwa.

Siku hizi, kusema kweli, mkaratusi ndio unaozilinda familia nyingi, kwa kuwa unapandwa na unakua haraka. Una masharti yake. Uchanjwe ungali mbichi, kwani ukikauka shoka litaruka. Pia hupasuka na kurusha cheche, kwa hiyo watoto na mablanketi wakae mbali. Mnyaa wa uani usiuguse kabisa: utomvu wake ni hatari kwa macho, na moshi wake huwasha.

Wanaoumia zaidi ni wageni, hasa watumishi waliohamishiwa kutoka pwani. Hufika, hutetemeka wiki ya kwanza ya Juni, kisha hukimbilia kuni zilizokatwa juzi. Mwenyeji alikata zake Agosti au Septemba ya mwaka uliopita, akazichanja, akazipanga chini ya upenu kabla mvua za Novemba hazijafika. Mgeni akichoshwa na moshi hununua mkaa, akaingiza jiko chumbani na kufunga dirisha. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote. Mkaa hauna moshi, lakini hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Wenye desturi ya kuota moto huota pamoja kwenye jiko la nje lenye matundu ya kupitishia hewa. Anayeingia hupiga magoti na kupiga makofi kuwasalimu wakubwa, husogezewa kigoda, na wakati wa kulala ukifika watu huondoka na moto hubaki palepale.

Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Nauunga mkono, moshi wa jikoni umewamaliza mapafu mama zetu. Lakini mkakati ni wa kupikia, na Ufipa moto una kazi mbili. Gesi itaivisha maharage, kisha itazimwa, na baridi itakuwa bado iko mlangoni. Tena tumeacha paa za nyasi, zilizokuwa zikihifadhi joto, tukaezeka bati, na nyumba nyingi hazina dari. Joto lote la kigogo cha mtundu linaishia juu ya paa. Halmashauri na mafundi wetu waanzie hapo: nyumba za Sumbawanga ziwekwe dari, na kila kaya ipande mikaratusi yake ya kuota mbali na vyanzo vya maji.